Mbwa Anayerudi Ikanga

Nukta ya Bosi iliwaka tena Jumanne asubuhi, wakati Sekela akimlisha baba yake uji, wote wawili wakiwa wamesimama.

Walisimama kwa sababu mzee Lwitiko siku hizi hakubali kukaa. Tangu wahamie Ikanga Mpya, kila asubuhi akishavaa koti lake alikwenda moja kwa moja jikoni, akapita kati ya kabati na ndoo za maji, akaegemeza paji la uso ukutani na kubaki hapo. Ukimvuta, anakuja kwa adabu. Ukimwachia, anarudi. Ukuta ulikuwa wa bodi nyembamba, na rangi yake ilikuwa imebanduka, ikaacha duara jeupe la ukubwa wa sahani. Mganga wa zahanati alisema ni ugonjwa wa kusahau tu. Wazee wengine hutembea, wengine husimama. Sekela aliamini, maana akiamini aliweza kwenda kazini.

Simu ikalia mlio ambao hakuwa ameusikia tangu mwaka jana. Akaweka kikombe juu ya kabati, akatazama. Nukta ya kijani ilikuwa inapepesa upande wa Chimala, chini ya milima, na pembeni yake jina: BOSI.

"Baba," alisema, na sauti ikamtoka kwa kishindo. "Bosi yuko hai! Bosi anarudi nyumbani!"

Mzee hakugeuka. Lakini midomo yake ilisogea ukutani, na kwa mara ya kwanza wiki ile akasema neno.

"Waambie wafungue geti."

Nyumba hii haikuwa na geti. Geti lilikuwa kule bondeni, kabla ya bwawa.

Sekela alimpigia kaka yake Gwamaka, dereva wa malori aliyeishi Makambako. Ni yeye aliyemchukua Bosi wakati wa kuhama, kwa kuwa makazi mapya hayakuruhusu mbwa mwanzoni, na ni yeye aliyempoteza: mbwa aliruka kutoka kwenye lori karibu na Mafinga, akaingia msituni pasipo na mtandao, nukta ikazimika.

"Acha utani!" Gwamaka alicheka mpaka akakohoa. "Yule mbwa! Mimi nilishamlilia nikamaliza. Sekela, mtengenezee supu. Mtengenezee supu ya nguvu, mimi nalipa nyama."

Sekela naye alicheka. Kicheko kilikatika aliposikia filimbi nje. Watu walikuwa wanakwea tena kuelekea mashamba ya chai, wamepangana mstari, wanaita jina. Bibi Syabumi wa nyumba ya tatu alikuwa ametoweka tangu Jumapili.

Binti yake, Mama Tumpe, alisimama mlangoni na chupa ya chai mkononi, kanga imelowa umande hadi magotini.

"Bado, dada?" Sekela aliuliza.

"Bado. Leo wanaanza mashamba ya juu." Mama Tumpe alitazama simu iliyokuwa mkononi mwa Sekela. "Mbwa anaonekana?"

"Ndiyo. Ametokea sasa hivi."

"Mama yangu haonekani. Mlimpandikiza kitu kilekile, na haonekani." Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka mno kuwa mkali. "Uliniambia hakizimiki, Sekela."

"Nitawapigia tena kampuni leo," Sekela alisema. "Nakuahidi."

* * *

Kile kitu kiliitwa Dira. Kilikuwa punje ndogo kuliko mchele, ikipandwa nyuma ya sikio. Kutoka hapo ilitoa nyuzi laini zilizotambaa hadi ile sehemu ya ubongo inayojua mahali, na miezi ya mwanzo kazi yake ilikuwa kujifunza tu: harufu ya moshi wa jiko fulani, mteremko wa njia fulani, sauti za watu fulani. Ikishajifunza, aliyeibeba akipotea haimwonyeshi ramani. Inamtia hamu. Upande mmoja wa dunia unakuwa mtamu kuliko pande nyingine zote, naye anaufuata.

Ilibuniwa kwa ajili ya ng'ombe wanaoibwa, na Sekela, mhandisi aliyekuwa ametoka chuoni juzijuzi, alikuwa katika lile kundi dogo lililoifundisha punje kujifunza. Bosi alikuwa mbwa wa kwanza kuivaa. Baadaye kampuni ikatazama wazee wanaopotea njia wakienda kisimani, ikaona soko. Mzee Lwitiko alipandikizwa bondeni Ikanga, nyumbani kwake, akiwa amekaa kwenye kiti chake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Halafu bwawa likaja. Kabla maji hayajapanda, fundi wa kampuni alipita nyumba kwa nyumba na kifaa, akaziandikia punje zote kwamba nyumbani sasa ni Ikanga Mpya. Kifaa kilijibu, kila mara, kwa taa ya kijani.

Jumatano mchana simu ya Sekela iliita kwa namba asiyoijua. Aliyepiga alikuwa mkulima wa viazi, juu kabisa kwenye uwanda wa baridi. Alikuwa amekimbia kando ya mbwa, akasoma namba kwenye kola.

"Mbwa wenu amepita hapa shambani," alisema. "Tumemwita, tumemrushia kiazi cha moto, hajageuza hata shingo. Miguu inatoka damu, dada, na kwenye kola kunaning'inia kipande cha kamba aliyoitafuna. Tukadhani labda kuna chui nyuma, tukashika mapanga. Hakuna kitu." Akashusha sauti. "Huyo mbwa anafukuzwa na nini?"

Sekela alimshukuru, akafungua ramani. Tangu jana hakuwa ameitazama njia yenyewe. Alitazama nukta tu ikisogea karibu, akafurahi. Sasa aliitazama njia.

Haikuwa na kona. Mbwa alikuwa amepanda genge badala ya kulizunguka. Alivuka mto mahali ambapo daraja lilikuwa jirani tu. Hakusimama popote, si kwa maji, si kwa usingizi. Na ule mstari, ulionyooka namna ile, haukuja Ikanga Mpya. Sekela alichukua rula ya plastiki, akailaza juu ya kioo cha simu, akaufuatisha. Ulipita kando ya makazi yao, ukavuka kilima, ukaingia katikati ya rangi ya bluu ya bwawa.

Alikaa na ile rula mkononi. Kisha akasimama, akaenda jikoni.

"Samahani, baba," alisema, akamsogeza mzee polepole. Aliiweka simu juu ya lile duara jeupe ukutani, akasoma kwenye dira ya simu upande ambao ukuta ulitazama. Akasoma mara mbili. Akachora mstari wa pili kwenye ramani.

Mistari miwili ilikutana bwawani. Alitafuta picha ya zamani iliyopigwa kutoka angani, kabla ya maji. Chini ya mahali pale palikuwa na paa la bati jekundu la nyumba yao ya zamani.

Nyuma yake mzee alikuwa anamsukuma taratibu kwa bega, bila hasira, kama mtu anayeomba njia, apate kurudi ukutani.

* * *

Dokta Rwechungura, mkuu wa kitengo chake, alipokea simu haraka. Sekela alimweleza yote, naye akasikiliza mpaka mwisho. Swali lake la kwanza lilikuwa hili:

"Nani mwingine anajua?"

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unajua."

"Tulihisi. Punje inakubali maandishi mapya, Sekela, lakini ubongo umeshajifunza. Ni kama kubandika jina jipya mlangoni. Aliye ndani ni yuleyule. Tulitegemea muda utawapoza. Wengi wamepoa."

"Bibi Syabumi amepoa?"

Rwechungura alianza kutaja takwimu, Sekela akamkata.

"Dokta. Mmeniambia mawimbi yake yalikatika. Yalikatika wapi?"

"Maji hayapitishi mawimbi," Rwechungura alisema kwa sauti ndogo. "Hilo unalijua mwenyewe."

Nje, kule kwenye chai, filimbi ilikuwa bado inalia.

"Itolewe," Sekela alisema. "Baba yangu afanyiwe upasuaji, itolewe."

"Imeota mizizi. Ukiivuta unavuta na vingine. Kuna kuzima tu, na ufunguo wa kuzima unao kwenye simu yako, wa mzee na wa mbwa. Lakini unawakumbuka wale mbuzi."

Aliwakumbuka. Walipozimiwa punje kwenye majaribio, mbuzi hawakuugua. Walikula, walilala, walinenepa. Ila jioni kila mmoja aliingia zizi lolote lililokuwa wazi, na majike walipita kando ya watoto wao kama wanavyopita kando ya mawe. Punje ikizimika huunguza kipande kidogo kinachoizunguka, na kipande hicho ndicho kinachomwambia mnyama kwamba hapa ni kwetu na hawa ni wangu. Kilichomtisha Sekela wakati ule ni kwamba mbuzi hawakuonekana kuhuzunika.

"Kuna wazee kumi na wanne hapo Ikanga Mpya wenye Dira," Rwechungura aliendelea. "Ukisema, familia zitapaniki, zitataka zizimwe zote. Utakuwa umewafuta watu kumi na wanne. Nipe wiki moja tupate suluhisho. Wafungieni milango, basi. Wiki moja."

Sekela alitazama mgongo wa baba yake.

"Siwezi kukuahidi," alisema, akakata simu.

* * *

Gwamaka aliwasili Alhamisi kabla ya adhuhuri, na kamba ya lori begani. Alisikiliza maelezo akiwa amesimama uani, na kila dada yake alivyoendelea ndivyo alivyozidi kuikunja ile kamba, akaikunjua, akaikunja tena.

"Twende tukamdake mbwa kwanza," alisema mwishowe. "Tukimzuia mbwa, tutajua na baba anazuilika."

Walimwacha mzee na Mama Tumpe. Sekela alifunga mlango wa mbele kwa ufunguo na wa nyuma kwa kitasa na komeo, akamwachia Mama Tumpe funguo. Alitaka kumwambia habari za mama yake pale pale, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini Mama Tumpe alikuwa ameanza kumfunga mzee vifungo vya koti, akimsemesha kwa upole kama anavyosemeshwa mtu wa nyumbani kwake, na Sekela akashindwa.

Nyuma ya kilima ukungu ulikuwa mzito. Barabara ya zamani iliteremka kama zamani, lami yake na mistari yake, ikaingia majini. Nguzo za umeme ziliingia nayo. Ya kwanza ilionekana nzima, ya pili hadi kiunoni, ya tatu kichwa tu, na baada ya hapo ilikuwa maji, tulivu, yasiyo na ng'ambo. Hapakuwa na ndege. Sekela alisikia pumzi ya kaka yake na ya kwake.

"Nini kile?" Gwamaka alinong'ona.

Pale lami ilipogusana na maji palikuwa na ndala. Zilikuwa za bluu, moja imeshonwa kwa waya, na zilipangwa pamoja, visigino vikitazama nchi kavu, kama mtu anavyozivua mlangoni kabla ya kuingia ndani.

Sekela alizijua. Alikuwa amemwona Bibi Syabumi akiishona ile ya kulia kwa mkono wake, barazani. Aliziokota, akazikumbatia kifuani.

Hapo wakamsikia Bosi.

Kwanza ilikuwa kucha juu ya lami, zikigonga kwa mwendo usiobadilika, kama saa. Kisha akatoka kwenye ukungu. Alikuwa amebaki mifupa na ngozi, sikio moja limechanika, na kila alipokanyaga aliacha alama nyekundu. Alipowaona, mkia ulianza kupiga. Alilia kile kilio cha furaha ambacho Sekela alikuwa amekisubiri tangu Jumanne, akajikunja mwili mzima kuelekea kwake, akaulamba mkono wake.

Miguu haikusimama. Kichwa kilikuwa kimegeuka nyuma kumtazama Sekela, ulimi ukimtafuta, lakini miguu iliendelea kwenda mbele.

"Mshike! Gwamaka, mshike!"

Gwamaka alimrukia, akapitisha kamba kwenye kola, akajifunga ncha nyingine kiunoni. Kamba ilikaza. Bosi hakupigana nayo. Aliendelea kutembea tu, mahali pamoja, makucha yakikwaruza lami, shingo ikikabwa mpaka macho yakatoka na pumzi ikawa mluzi. Gwamaka alipomkumbatia ili amlegezee, Bosi alimng'ata mkono, kisha akaulamba alipong'ata, kisha akamng'ata tena.

"Anajinyonga, Sekela! Fanya kitu, anajinyonga!"

Simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Mama Tumpe, imepanda juu.

"Ametoboa ukuta! Nilikwenda kuchota maji, dakika moja tu, nikarudi nikakuta ametoboa ukuta wa jikoni kwa mikono! Yuko nje, nimeshindwa kumshika, anashuka kwenu! Sekela, anatembea kama kijana!"

"Tunamwona," Sekela alisema, ingawa alikuwa hajamwona. Alizificha ndala ndani ya sweta, kana kwamba mwenzake angeziona kupitia simu. "Dada, baki hapo. Nikirudi nina jambo la kukwambia. Baki nyumbani."

Mzee Lwitiko alitokea juu ya barabara, peku, koti limechanika begani, vidole vimejaa damu na vumbi la bodi. Alikuwa anatembea wima. Kadiri alivyoteremka ndivyo uso wake ulivyobadilika. Ule ulegevu wa mashavu ulikuwa unaondoka, macho yanashika vitu kimoja kimoja.

"Sekela," alisema alipofika karibu. "Mbona umekonda hivyo, mwanangu?"

Hakuwa amelitamka jina lake tangu msimu wa mvua uliopita.

"Na wewe, Gwamaka, lori umeliacha wapi? Siyo pale kwenye mteremko, nimeshakukataza." Akamtazama mbwa. "Mbona mnamnyonga Bosi?"

"Baba, simama," Gwamaka alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Baba yangu, simama hapo hapo."

"Sasa nasimamaje?" mzee aliuliza kwa mshangao, na wote wakaona: alikuwa anaongea nao, lakini alikuwa anawapita. Gwamaka aliwahi kumkumbatia kiuno kutoka nyuma. Kwa kufanya hivyo aliilegeza kamba kidogo, na hicho kidogo kilimtosha Bosi. Kichwa kilichomoka kwenye kola. Mbwa aliingia majini bila hata kurusha tone, akaogelea kufuata nguzo, na ukungu ukaanza kumfunika.

Sekela alitoa simu. Hakuwaza mbuzi, hakuwaza Rwechungura. Aliona kichwa kidogo cheusi kikienda kuzungukazunguka juu ya paa lililozama mpaka nguvu ziishe. Simu ilimuuliza kama ana uhakika. Ilimuuliza tena.

Akabonyeza.

Kichwa kilisimama juu ya maji. Kwa muda Bosi alikanyaga maji mahali pale, akigeuka huku na huku. Kisha akaogelea kurudi, si kwa haraka, akatoka palipokuwa karibu, akajikung'uta. Aliwapita wote watatu. Sekela alimwita, akageuza masikio kama mbwa yeyote anavyofanya akisikia kelele, akaenda kukaa kando ya barabara na kuanza kulamba vidonda vyake.

"Bosi," mzee Lwitiko aliita. "Bosi, njoo."

Mbwa aliendelea kulamba. Mzee alimtazama sana. Nyayo zake wakati wote huo zilikuwa zinasukuma lami, na Gwamaka alikuwa amelalia nyuma, amemshikilia kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe na upepo.

"Mmemfanya nini?"

Sekela alimwambia. Alimwambia kuhusu punje, na bwawa, na taa ya kijani iliyodanganya. Hakujua ni kiasi gani kingeingia, lakini hapa, karibu hivi na ile nyumba, kiliingia chote.

"Nyumba iko chini," mzee alisema.

"Ndiyo, baba."

"Hata mimi naona maji. Sijawa mjinga." Alitazama miguu yake kwa aibu, kama mtu aliyepatwa na haja mbele za watoto. "Hii ndiyo hainisikii. Kule ukutani mlidhani nimesimama? Nilikuwa natembea, Sekela. Siku zote zile nilikuwa natembea. Nalala natembea, naamka natembea. Nimechoka, mwanangu, sijapata kuchoka hivi hata nilipokuwa nalima."

"Tutamhamisha," Gwamaka alisema haraka. "Nitampeleka kwangu, nitampeleka hata Dodoma."

"Bosi alitoka Mafinga, kaka."

"Basi tutamfunga! Nitajenga chumba cha matofali, nitamlinda mwenyewe, nitaacha kazi. Leo amekuita jina! Umemsikia au hukumsikia? Baba amerudi, na wewe unataka kumfuta?" Alikuwa anapiga kelele na sauti haikurudi kutoka popote. "Usiguse hiyo simu, Sekela. Nakwambia kama kaka yako."

"Amerudi kwa sababu yuko hapa majini. Tukimrudisha nyumbani atarudi ukutani."

"Usiguse!"

"Gwamaka," mzee alisema. Alikuwa ametulia kuliko wote. "Usimfokee mdogo wako. Mikono yako imeanza kulegea, mimi nasikia."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamesogea. Maji yalikuwa yanagusa vidole vya mzee.

Sekela aliingia majini akasimama mbele yake, uso kwa uso, akamwekea mikono mabegani na kumsukuma kwa uzito wake wote. Alisikia ile nguvu, haikuwa ya mzee wa miaka themanini. "Baba, sitafanya bila wewe kuniambia," alisema. "Nikiizima punje utakuwa salama. Miguu itapumzika. Lakini hutanijua tena. Si kama ulivyokuwa unasahau. Hutanijua kabisa, wala Gwamaka, wala kwenu."

"Na wewe utanijua?"

"Nitakujua."

"Siku zote?"

"Siku zote, baba."

Mzee alifikiri. Ukungu ulipita kati yao na nguzo ya kwanza.

"Basi mmoja wetu atakuwa anajua," alisema. "Inatosha." Halafu akaongeza, "Ngoja kwanza." Aligeuza shingo ili amwone Gwamaka, akamtazama kwa makini, nywele, kidevu, jeraha la mkononi. Akamtazama Sekela hivyo hivyo. "Mama yenu aliitwa Tusekile. Alikuwa akicheka anaziba mdomo kwa kanga. Shikeni hilo ninyi, mimi nakwenda kulitua. Haya."

"Mimi sijakubali," Gwamaka alisema akiwa ameficha uso kwenye mgongo wa baba yake. "Mungu anisikie, mimi sijakubali."

Hata hivyo hakumwachia mzee ili aikamate ile simu.

Sekela alibonyeza mara mbili.

Hakukuwa na mlio. Ile nguvu iliyokuwa inamsukuma kifuani iliisha ghafla hivi kwamba alimwangukia baba yake, na Gwamaka akawabeba wote wawili kuwarudisha kwenye lami. Miguu ya mzee ilisimama. Ilisimama kweli, mmoja kando ya mwingine, ikitetemeka. Akakaa chini mwenyewe, akavuta pumzi ndefu, akalala chali barabarani kama mtu aliyetua mzigo. Gwamaka aliondoka akaenda kusimama mbali, kwenye ukungu, mgongo ukiwa kwao.

Sekela alizitoa ndala ndani ya sweta. Kulikuwa na nyumba kumi na nne za kupita leo, na ya kwanza ilikuwa ya Mama Tumpe. Atawaambia watu yale aliyoyajua, na kila nyumba itabidi ichague yenyewe. Hakujua kama watamkaribisha ndani au watamrushia mawe. Aliogopa, na hofu haikupungua kwa kuijua.

Alipogeuka, mzee alikuwa ameketi, anamtazama. Macho yalikuwa safi. Alimsalimu kwa kichwa, kwa ile heshima anayopewa mtu usiyemfahamu aliyekukuta umeanguka njiani.

"Ndaga, mama, asante kwa kunisaidia," alisema. "Yule mbwa ni wenu?"

"Ni wetu, ndiyo."

"Ameumia. Msimwache hapa." Alijaribu kuinuka, Sekela akampa mkono, naye akaupokea. Akatazama kilima, maji, barabara, bila kuona tofauti kati ya upande na upande. "Na kwenu ni mbali?"

"Si mbali, baba," Sekela alisema. "Twende."